Kiwanda Kilifungwa, Risasi Haiozi
Hotuba kwa wazazi wa Owino Uhuru, Mombasa

Wazazi na wahudumu wa afya ya jamii,

Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka wa 2014. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ilirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi. Hiyo ni haki. Lakini fidia haitoi madini ya risasi mwilini, na madini hayo hayaozi udongoni.

Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi inayomezwa mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mara nyingi dalili hazionekani: mtoto huwa mzito darasani, akaitwa mvivu. Kinachothibitisha ni kipimo cha damu.

Nyumbani, sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa vumbi likapaa. Viatu vibaki mlangoni. Mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya kula. Maji yenye risasi hayasafishwi kwa kuchemshwa. Maharagwe, omena, mboga za majani na maziwa humpa mtoto madini ya chuma na kalisi, ambayo hupunguza ufyonzaji wa risasi.

Mzazi akifika zahanati, aeleze familia iliishi wapi, na kama kuna aliyefanya kazi kiwandani. Mama mjamzito aeleze pia, kwani risasi humfikia mtoto tumboni. Kisha aulize kuhusu kipimo cha damu. Asiyeuliza huenda asipimwe.