Hotuba juu ya Watoto Wachanga Wenye Mtindio wa Ubongo



Mmekwisha kusikia hesabu ya fedha, habari za mazishi na za karo. Sasa twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya watoto ambao hawajatajwa katika daftari zetu, nao ni watoto wachanga wenye mtindio wa ubongo.

Ugonjwa huu ni dhara liupatalo ubongo ungali unakua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au baadaye kidogo. Wengine huuita laana ya ukoo. Lakini mwaka 1861 daktari mmoja wa London, William John Little, aliwaeleza wenzake kwamba kukakamaa kwa viungo vya watoto kwahusiana na uzazi mgumu na kuzaliwa kabla ya wakati. Kwa hiyo mtoto aliyechelewa kulia, aliyezaliwa njiti, aliyepatwa na umanjano mkali, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, sharti aangaliwe kwa makini zaidi.

Dalili zake si siri. Mtoto apitaye miezi 4 na shingo haijakaza, au vidole vingali vimefumbwa ngumi daima. Mtoto wa miezi 9 asiyeweza kuketi peke yake. Mtoto atumiaye mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka. Au yule ambaye miguu yake hukaza hata kumvalisha ni taabu: huyo apelekwe hospitali. Mwezi wa 9 ndio wa chanjo ya surua. Siku hiyo mama asiondoke kabla ya kumwuliza mwuguzi juu ya kuketi, wala asisahau kijitabu cha afya ya mama na mtoto.

Zamani waganga wa hospitali walingoja miezi 12 hata 24 kabla ya kuutaja ugonjwa huu. Mwaka 2017 wataalamu wa nchi mbalimbali walitangaza kwamba waweza kutambuliwa kabla ya miezi 6. Faida ya kuwahi ni kubwa. Dhara la ubongo haliponi, lakini ubongo wa mtoto mdogo ungali wajifunza, na viungo vikifanyizwa mazoezi mapema havipindi upesi. Mama naye hufundishwa namna ya kumketisha na kumlisha mtoto asipaliwe. Samaki mkunje angali mbichi.

Basi, nini hutuchelewesha? Huku kwetu Kabras mama hawezi kwenda peke yake. Kwanza humngoja mume, kisha mkwe, kisha huambiwa, "Ngoja, hata baba yake alichelewa kutembea." Neno hilo hutoka katika upendo, lakini huweza kula mwaka mzima. Hapo ndipo tunapowahitaji ninyi wazee, kwa kuwa neno lenu husikiwa nyumbani kuliko neno la mwuguzi.

Twaleta maombi matatu. La kwanza, kila mzee aseme katika ukoo wake kwamba mtoto wa namna hii hafichwi, wala mama yake halaumiwi. La pili, wanachama wawaarifu wahudumu wa afya ya jamii, ambao Serikali iliwazindua rasmi mwaka 2023, ili mtoto aandikiwe kwenda Hospitali ya Malava, na ikihitajika hospitali kuu ya rufaa Kakamega. Akikaribia umri wa shule, apelekwe pia kwenye ofisi za kupima watoto wenye ulemavu kwa ajili ya elimu, zilizoanzishwa nchini mwaka 1984.

La tatu ni la fedha. Mazoezi si ya siku moja. Mama hurudi tena na tena, na nauli humshinda. Chama chetu hutoa mchango mtu afapo. Twaomba kitoe pia nauli mtoto angali hai, na jambo hili lipigiwe kura leo kabla hatujatawanyika.