Kwa Nini Taifa-1 Haikurushwa Malindi

Tarehe 15 Aprili 2023, roketi ya Falcon 9 iliondoka Vandenberg, pwani ya California, ikiwa imebeba vyombo 51. Kimoja kilikuwa Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kupiga picha za ardhi kutoka angani. Wengi waliuliza: mbona tuipeleke Marekani, ilhali Malindi kuna kituo cha roketi?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika njia ambayo setilaiti hupita.

Kwenye ikweta, dunia hujizungusha kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa kutoka Malindi kuelekea mashariki, huanza safari na kasi hiyo bila kuichomea mafuta. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano waliporusha setilaiti ya utafiti ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya kujitawala, nayo setilaiti ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengewa kazi moja tu: kupima eksirei kutoka kwenye nyota. Vipimo vyake vya Cygnus X-1, chanzo cha eksirei angani, viliwasaidia wanasayansi kutambua kuwa hapo pana shimo jeusi. Jambo hilo lilianzia katika bahari yetu, na linastahili kufundishwa katika kila shule ya pwani.

Sasa, Taifa-1 ina kazi tofauti kabisa. Setilaiti inayofuata ikweta huona ukanda mwembamba tu. Inayopita ncha hadi ncha, kama Taifa-1, huacha dunia ijizungushe chini yake, mwishowe ikaona karibu kila mahali. Tena, njia yake ikipangwa vizuri, hupita mahali pamoja saa ileile ya mchana, vivuli havibadiliki sana, na picha ya shamba ya mwezi uliopita inalinganishika na ya leo. Kwa njia hiyo ya ncha hadi ncha, ule msukumo wa mashariki hausaidii. Roketi hulazimika kuufuta. Vandenberg nayo ina bahari wazi upande wa kusini, kwa hiyo roketi haipiti juu ya makazi ya watu.

Roketi ya mwisho iliondoka San Marco mwaka 1988. Ukisikia mpango wa kuzirejesha, msikilizaji, uliza kwanza: zitapeleka setilaiti za kazi gani?