Talaka Haifuti Kadi: Tusiwatishe Binti Zetu Walio Ugenini

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili)



 

Leo hatutazungumzia visima wala ng'ombe wa maziwa. Tunaomba tuzungumzie jambo ambalo wazazi wamekuwa wakituletea ofisini kwa sauti ya chini. Binti aliolewa na raia wa Marekani, akahamia huko kwa udhamini wa mumewe, na sasa ndoa imevunjika. Mzazi anauliza: je, mwanangu atarudishwa? Na ule uraia aliokuwa akiungoja, ndiyo basi tena?

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Mama mmoja alitujia akasema mwanawe anapigwa, na kila siku mume humwambia: "Kadi yako iko mkononi mwangu, nikisema neno moja unapanda ndege." Sisi hatukuijua sheria. Tukamshauri mama amwambie binti avumilie mpaka apate uraia. Binti akavumilia zaidi ya mwaka mzima. Alipofika kwa wakili hatimaye, aliambiwa kwamba hakuwa na sababu ya kungoja hata siku moja. Tangu hapo tuliona ni wajibu wetu kujifunza kabla ya kushauri. Tuliyojifunza ndiyo haya.

Kwanza, talaka peke yake haifuti ukaazi wa kudumu, ule ambao wengi huuita grini kadi. Kadi ni ya aliyepewa. Mume aliyedhamini hana uwezo wa kuifuta kwa sababu ya ugomvi. Idara ya Uhamiaji ya Marekani huangalia kama ndoa ilikuwa ya kweli wakati ilipofungwa. Aliyefunga ndoa ya makaratasi ili apate kadi tu, huyo yuko hatarini. Aliyeolewa kwa nia njema na ndoa ikashindikana, sheria inamtambua.

Pili, aitazame kadi yenyewe. Kama ndoa ilikuwa haijatimiza miaka 2 siku alipopewa ukaazi, kadi yake ni ya miaka 2 na ina masharti. Kwa kawaida mume na mke hujaza pamoja fomu I-751 katika siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha, ili masharti yaondolewe. Talaka ikishatoka, mke anaweza kuijaza peke yake na kuomba asamehewe sharti la saini ya mume. Hahitaji kungoja zile siku 90. Anachohitaji ni hukumu ya mwisho ya talaka na ushahidi kwamba waliishi pamoja kama mume na mke: mkataba wa nyumba, akaunti ya pamoja ya benki, karatasi za kodi, bima, vyeti vya watoto, picha. Kosa kubwa ni kukaa kimya mpaka kadi imalizike, kwa sababu ukaazi wenyewe unaweza kwisha.

Tatu, safari ya uraia haikatiki, ila inakuwa ndefu zaidi. Mke wa raia anaweza kuomba uraia baada ya miaka 3 ya ukaazi, mradi katika miaka hiyo yote 3 ameishi na mumewe katika ndoa. Lakini talaka ikitoka kabla ya siku ya kiapo, njia hiyo imefungwa, hata kama fomu ilikwisha pelekwa. Hapo anarudi kwenye njia ya wakaazi wote, yaani miaka 5 tangu alipopata ukaazi wa kudumu. Ile miaka 2 ya kadi ya masharti inahesabiwa humo humo. Katika miaka hiyo 5 awe amekuwapo nchini Marekani kwa miezi isiyopungua 30. Tunalisema hili kwa sababu mabinti hurudi nyumbani kuuguza wazazi. Akikaa huku zaidi ya miezi 6 mfululizo atatakiwa kutoa maelezo, na akifikisha mwaka mmoja, hesabu ya ukaazi wake kwa ajili ya uraia inakatika.

Wapo wanaoshauriwa waifiche talaka ili wapite kwenye ile miaka 3. Ndugu zetu, tusithubutu kutoa ushauri huo. Uraia uliopatikana kwa uongo unaweza kunyang'anywa miaka mingi baadaye. Afadhali kungoja miaka 2 zaidi na kulala usingizi.

Nne, kuhusu ukatili. Tangu sheria ya mwaka 1994 ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili, mke anayepigwa au kuteswa na mume ambaye ni raia anaweza kujiombea ukaazi mwenyewe, bila mume kuarifiwa. Kama talaka imeshatoka, afanye hivyo kabla ya miaka 2 kupita. Mwenye kadi ya masharti anaweza kuomba masharti yaondolewe peke yake hata kabla ya talaka. Na aliyepata ukaazi kwa msingi wa ukatili huo anaweza kuomba uraia baada ya miaka 3, hata kama ndoa imekwisha. Binti wa yule mama angejua hili mapema, asingebaki katika nyumba ile.

Je, sharika zetu zifanye nini? Tunaomba mambo manne.

Moja, rejista zetu zitunzwe vizuri. Binti anapoomba nakala ya cheti cha ndoa, apewe bila kuzungushwa. Hati za Kiswahili ziambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri aithibitishe kwa saini yake.

Mbili, mchungaji au mzee wa kanisa akiombwa barua ya ushahidi, aandike aliyoyaona kwa macho yake tu. Barua ya kutunga inamwangamiza yule tunayetaka kumsaidia.

Tatu, tuwakwepe vishoka. Kesi za namna hii ni za wakili wa uhamiaji, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Wafadhili wetu, hapa ndipo tunapowahitaji zaidi. Mpelekeni dada huyo kwa wakili, msaidieni ada, na msimwache aende peke yake siku ya usaili.

Nne, kabla ya kiapo, familia izungumze naye. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu Mtanzania mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akiapa huko, anaacha kuwa raia wa hapa. Si lazima aape, anaweza kuendelea kuwa mkaazi. Lakini uamuzi uwe wake, na aufanye akijua anachokipata na anachokiacha.

Tunajua wapo watakaosema kwamba ofisi ya dayosisi sasa inafundisha talaka. Hapana. Kanisa letu halishangilii ndoa kuvunjika, na tutaendelea kusuluhisha panaposuluhishika. Lakini kumfunga mtu ndani ya ndoa kwa hofu ya kadi hakuitunzi ndoa hiyo. Hagari alipotolewa katika nyumba ya bwana wake akiwa na mkate na kiriba cha maji, Mungu alimwona kule jangwani. Nasi tunaomba macho ya kuwaona walio ugenini.

Wajumbe, mkirudi nyumbani, mzazi akija na simu mkononi na machozi machoni, msimwambie binti avumilie, wala msimwambie kwamba amekwisha. Mwambieni atazame tarehe ya kadi, akusanye karatasi zake, na amwone wakili wiki hii.