Shilingi ya Waziri na Chaki ya Mwalimu

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wakuu na watumishi wa Serikali katika wilaya.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya mjadala wa Bajeti Bungeni, hususan fedha za huduma za jamii na za ajira. Naishukuru heshima hiyo. Mimi si mchumi. Nilikuwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, na hesabu nilizozizoea ni za chaki na madawati. Lakini aliyewahi kugawa maboksi manne ya chaki kwa madarasa kumi na moja haishangai sana Hazina. Mahitaji ni mengi, kilichopo ni kichache, na kila anayekosa anayo haki ya kuuliza kwa nini amekosa. Mwalimu Nyerere, alipokuwa akiueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969, alisema kwamba kupanga ni kuchagua. Swali langu leo ni hili: uchaguzi huo hufanyika wapi, na sisi tuna sehemu gani ndani yake?

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge hukaa Dodoma kujadili makadirio ya mapato na matumizi. Wizara hupita moja baada ya nyingine. Ifikapo hatua ya kupitia mafungu, Bunge zima hugeuka kuwa Kamati ya Matumizi, na hapo ndipo tunapomsikia mbunge akisema kwamba, asiporidhika na maelezo, atatoa shilingi katika mshahara wa Waziri. Wengi wetu hucheka. Tunajiuliza, shilingi moja itamfanya nini Waziri?

Ndugu zangu, jambo hili si mzaha. Kwa mujibu wa Ibara ya 99 ya Katiba yetu, hoja ya kutoza kodi au ya kuongeza matumizi ya fedha za umma haiwezi kushughulikiwa na Bunge mpaka iwe imetoka kwa Rais na kuwasilishwa na Waziri. Maana yake ni kwamba mbunge hawezi kusimama na kuongeza hata senti moja kwa ajili ya zahanati ya kijijini kwake. Anachoweza kupendekeza ni kupunguza. Kwa upande mwingine, Bunge likikataa kabisa kuipitisha Bajeti, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Basi kati ya kukubali yote na kuhatarisha Bunge lenyewe, mbunge amebakiwa na shilingi hiyo moja. Akiishika, Waziri hana budi kusimama na kujieleza, na wabunge wengine hupata nafasi ya kuchangia hoja hiyo. Waingereza, ambao ndio asili ya desturi hii, nao walikuwa wakitoa hoja ya kupunguza pauni 100 kwa madhumuni hayo hayo.

Nguvu ya Bunge imepata kuonekana. Julai 2011, nchi ikiwa katika mgawo mkali wa umeme, wabunge waliyapinga makadirio ya Wizara ya Nishati na Madini hata yakaondolewa, yakarejeshwa Agosti pamoja na mpango wa dharura wa umeme. Mwaka 2013 wabunge waligoma kuyapitisha makadirio ya Wizara ya Maji kwa kuwa fedha zilikuwa chache mno. Serikali ikarudi mezani, na fedha zikaongezwa. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mjadala ni maneno matupu.

Hata hivyo, nisingependa muondoke hapa mkiamini kwamba kazi huisha siku wabunge wanapoitwa jina kwa jina kuipigia kura Bajeti. Fedha iliyoidhinishwa siyo fedha iliyotolewa, na fedha iliyotolewa siyo huduma iliyomfikia mwananchi. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelieleza jambo hili mara nyingi. Tena ipo hatari ya tatu, iliyo ya kimya zaidi, nayo ni fedha kufika yote huku thamani yake imekwisha njiani.

Niruhusuni nitoe mfano wa shule, maana ndio ninaoujua. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi. Walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Ilikuwa kazi ya kishujaa. Kisha zikaja shida za uchumi, vita dhidi ya Idi Amin, bei ya mafuta, na baadaye masharti ya wakopeshaji. Katika miaka ya 1990 mzazi alitakiwa kuchangia shuleni na hospitalini, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Mwaka 2001 Serikali iliamua kuifuta ada ya shule za msingi. Wanafunzi, waliokuwa kiasi cha milioni 4.4 mwaka 2000, walifikia zaidi ya milioni 7 mwaka 2004.

Nilikuwapo. Asubuhi ya kwanza ya kuandikisha, foleni ilitoka mlangoni mwa ofisi yangu ikapita uwanja wa mpira. Wapo waliokuja na umri wa miaka kumi na mmoja kuanza darasa la kwanza. Sikumrudisha hata mmoja, na sijutii.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002, uliweka ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, yaani kama shilingi 10,000 wakati ule. Elimu bila ada ilipopanuliwa hadi kidato cha nne kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa bado shilingi 10,000. Lakini dola moja, iliyokuwa karibu shilingi 1,000 mwaka 2002, ilikuwa imevuka shilingi 2,100 mwaka 2016. Tarakimu haikuguswa na mtu yeyote. Hakuna mbunge aliyepiga kura kuipunguza ruzuku ile, na hakuna Waziri aliyetangaza kwamba imekatwa. Hata hivyo ilikatwa zaidi ya nusu, na pengo likazibwa na nani? Likazibwa na mzazi aliyeombwa mchango, na mwalimu aliyenunua chaki kwa mshahara wake. Ahadi ni deni, na deni lisipolipwa na aliyeahidi hulipwa na aliye karibu.

Sasa nije kwenye ajira. Katika Bajeti ya mwaka 2024/25, iliyokuwa ya shilingi trilioni 49.35, mishahara ilitengewa zaidi ya trilioni 11, na deni la Serikali zaidi ya trilioni 13. Wako wanaosema kwamba mishahara inakula maendeleo. Mimi nasema tuwe waangalifu na kauli hiyo. Darasa bila mwalimu ni banda tu, na zahanati bila muuguzi ni ghala la vitanda. Katika huduma za jamii mtumishi ndiye huduma yenyewe. Lakini vile vile tusijidanganye kwamba Hazina haina mwisho. Deni linalochukua zaidi ya mishahara yetu sote ni jambo la kujadiliwa kwa makini na wale wanaodai ajira mpya, kwani hizo ni fedha za kapu moja.

Na sisi wenyewe tujisahihishe. Mwaka 2016 watumishi hewa zaidi ya 19,000 waliondolewa katika orodha ya mishahara, na mwaka 2017 watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wakati wa uhakiki huo ajira mpya na upandishaji vyeo vilisimamishwa. Aliyeumia ni nani? Ni kijana aliyehitimu ualimu akakaa nyumbani akisubiri, na mtumishi mwaminifu aliyekosa daraja lake. Majina yale hayakujiandika yenyewe. Yalipita mezani kwa mtu mwenye kalamu na mhuri kama sisi.

Ndugu Mwenyekiti, mbunge anayeshika shilingi bila takwimu atairudisha baada ya dakika tano, kwa sababu Waziri anazo takwimu na yeye hana. Takwimu hizo hutoka wapi? Hutoka katika rejista ya mwalimu, katika daftari la stoo ya zahanati, katika taarifa ya robo mwaka ya mhasibu wa halmashauri. Tukiandika kwamba madawati yanatosha ili tusimuudhi mkubwa, tumemnyang'anya mbunge wetu silaha yake pekee kabla hajasimama.

Kwa hiyo nawaomba tufanye mambo matatu. Tuandike ukweli, hata unapotuaibisha. Tuupitishe katika njia zilizo halali: kamati ya shule, Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani, ambako makadirio ya halmashauri hujadiliwa kabla ya kwenda juu. Na Bajeti ikisomwa, tusiishie kusikiliza jumla ya trilioni. Tulitafute fungu letu na kasma yake, tuulize ni kiasi gani kilitolewa mwaka uliopita, na kiwango kile kinanunua nini leo.

Uchaguzi wa matumizi ya Taifa hukamilishwa Dodoma, lakini huanzia katika karatasi tunazozitia sahihi sisi. Tusitie sahihi tusichokiamini.