Elektroni Pweke na Mvuto wa Sumaku

Hewa tuivutayo kila nukta ni mchanganyiko wa gesi nyingi, na kubwa zake ni nitrojeni na oksijeni, ambazo jicho wala pua haziwezi kuzipambanua; lakini zikipozwa hata zikawa maji, kisha zikamiminwa baina ya ncha za sumaku yenye nguvu, nitrojeni hupita ikaenda zake, hali oksijeni, yenye rangi ya samawati hafifu, hunasa papo hapo ikaning'inia mpaka ichemke na kutoweka. James Dewar alilidhihirisha jambo hili mjini London mwaka 1891.

Sababu yake ni kwamba kila elektroni, pamoja na udogo wake usiokadirika, ni sumaku. Na desturi ya elektroni ni kukaa mbili mbili, moja imeelekea huku na ya pili kinyume chake, hata usumaku wa hii ukabatilisha wa ile. Molekuli ambayo elektroni zake zote zina wenzi, kama nitrojeni au maji, haivutwi, bali husukumwa kidogo sana. Na yenye elektroni pweke huvutwa. Monoksidi ya nitrojeni ina elektroni 15, hesabu ya witiri, basi hapana budi moja ikose mwenzi.

Mushkili ulikuwa katika oksijeni, ambayo elektroni zake ni 16, hesabu ya shufwa, na ambayo hata leo vitabu vingi huichora kila elektroni ikiwa na mwenziwe: mchoro mzuri, lakini sumaku yaukanusha. Mwaka 1929 John Lennard-Jones alibainisha kwamba elektroni mbili za mwisho hukuta makao mawili yaliyo sawa kwa nishati, nazo, kwa kanuni aliyoieleza Friedrich Hund, hukaa mbalimbali, kila moja katika makao yake, zikielekea upande mmoja. Kwangu mimi, hii ni katika hoja zilizo wazi kabisa za elimu ya kemia, maana shahidi wake huonekana kwa macho.

Na ajabu kubwa zaidi imo damuni mwetu. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walipima wakaona kwamba hemoglobini isiyo na oksijeni huvutwa, kwa kuwa kila atomi yake ya chuma ina elektroni nne pweke. Lakini ikiisha kuipokea oksijeni, ambayo nayo ina pweke mbili, mvuto huo hukoma, kwa kuwa hapana tena iliyokosa mwenzi. Tofauti hiyo ndiyo ambayo, tangu miaka ya 1990, mashine za sumaku huitumia kutambua sehemu ya ubongo inayofanya kazi, pasipo kupasua wala kuchoma sindano.