Kozi ya Sayansi Ianzie Kwenye Meza ya Maabara

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na wanabodi wa shule za sekondari, Soin



Muhula wa pili ukikaribia kwisha, swali moja huzuka katika mikutano ya wazazi: kwa nini shule isiwarudishe watoto wa kidato cha nne wiki mbili za likizo wapigwe msasa wa kemia, fizikia na biolojia? Nia ni njema. Mzazi aliyeuza miwa au ndama ili kulipa karo anataka kuona mtoto akiingia uuguzi au uhandisi. Lakini jibu la sheria ni fupi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza masomo ya likizo, na anayeyaendesha anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Kuyaita “kambi ya sayansi” hakubadilishi kitu.

Kozi ya haraka basi ipangwe ndani ya muhula. Hilo linawezekana bila kuongeza hata saa moja, iwapo mpango utaanza na vifaa na mikono ya watoto kabla ya kufika kwenye ratiba.

Katika KCSE kila somo la sayansi lina karatasi tatu. Mbili za kwanza zina alama 80 kila moja. Ya tatu ni ya vitendo, hufanywa maabara, nayo ina alama 40. Hapo ndipo mtoto anayejua kitabu chote kwa moyo huanza kutetemeka, kwa sababu miaka minne amekuwa akimtazama mwenzake akishika bureti. Darasa la ziada la chaki na ubao halimtibu huyo.

Ongezeko la saa nalo lina ukuta. Kanuni za elimu za 2015 zinaweka masomo ya shule ya kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na dakika 45. Mtoto anayerudi nyumbani kwa miguu asizuiliwe shuleni hadi giza liingie, na msichana zaidi.

Dawa ni vipindi kukopeshana. Chukulia kila sayansi ina vipindi vitano kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Masomo matatu yana vipindi 15, yaani saa 10. Kwa wiki tatu, kila somo likabidhiwe saa hizo zote kwa zamu: wiki ya kemia, wiki ya biolojia, wiki ya fizikia. Mwishoni hakuna somo lililopoteza kitu. Tahadhari moja: si kila mwanafunzi anasoma fizikia, na mara nyingi kipindi chake huenda sambamba na historia au somo jingine. Mwalimu mkuu ahakikishe wiki ya kemia haiwanyang'anyi hao kipindi chao.

Sasa hesabu ya meza. Darasa la watoto 48 na bureti 12 ni watoto wanne kwa bureti moja: mmoja anamimina, mmoja anasoma kipimo, wawili wanapiga gumzo. Wiki ya kemia ina vipindi pacha saba. Darasa likigawanywa makundi manne, kila mtoto anasimama peke yake mbele ya bureti kwa dakika 80 angalau mara moja, huku makundi mengine yakifanya hesabu na mwalimu wa pili. Shule jirani ikiazima bureti 12 zake, makundi yanakuwa mawili na kila mtoto anapata zamu tatu. Shule mbili zikipishanisha wiki zao, kuazimana hakuna ugomvi, mradi kuna daftari la kutia sahihi na makubaliano ya nani analipa kilichovunjika.

Kwa hiyo wa kwanza kukaa na kalamu ni fundi wa maabara. Bureti ngapi hazivuji? Mizani inafanya kazi? Asidi imebaki kiasi gani, na chupa ipi imepoteza lebo? Chupa isiyo na lebo isitumiwe na mtoto yeyote.

Likizo nayo ina kazi, ila ni ya walimu. Mradi wa SMASSE, ulioanzishwa 1998 na Kenya kwa ushirikiano na Japani, ulianza katika wilaya tisa kabla ya kuenea nchi nzima, na walimu wa sayansi walikuwa wakikutana wakati wa likizo kunoana. Kazi hiyo leo iko chini ya CEMASTEA, Karen, Nairobi. Walifundishwa kupanga, kutenda, kutazama matokeo na kurekebisha, na kutumia vitu vilivyo karibu. Huku vitu hivyo havipungui. Chai ya rangi ikikamuliwa limau hupauka. Ikitiwa maji ya majivu yaliyochujwa hukoza. Mursik huchachuka kwa sababu bakteria hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Mtoto akishaona hayo, neno asidi halimtishi tena. Chai haitoshi kwa mtihani, ni kweli, lakini yatosha kwa somo la kwanza.

Haraka ya jambo hili ina sababu. Darasa lililoingia kidato cha kwanza 2024 ndilo la mwisho la mfumo wa 8-4-4, nalo litafanya KCSE 2027. Nyuma yake hakuna darasa la kumpokea atakayetaka kurudia. Maabara hizohizo ndizo zinazowangoja wanafunzi wa sekondari ya juu wanaochagua mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Wazazi wengine watauliza kaunti inaleta nini. Kwa Katiba ya 2010, shule za sekondari ni za serikali ya kitaifa na walimu ni wa Tume ya Huduma za Walimu; kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Kaunti haiwezi kuajiri mwalimu wa kemia. Huduma ya maji, hata hivyo, ni kazi ya kaunti, na maabara bila maji imefungwa hata ikiwa na bureti mia. Bodi ambayo mfereji wa shule yake umekauka iandike barua kwa ofisi ya wadi sasa, kabla ya kiangazi, ikitaja idadi ya wanafunzi na umbali wa bomba lililo karibu.