Chuma Kinapozidi Mwilini mwa Mwanamume
Mazungumzo na wakazi wa Saltley, Birmingham



Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba chuma huongeza damu, na kwamba damu haizidi. Mama mjamzito huandikiwa vidonge vya chuma. Mumewe, akijihisi mchovu, huvimeza pia. Leo nawaomba tulitazame jambo hili upande wa mwanamume, kwa kuwa chuma kikizidi chaweza kumchelewesha au kumzuia kuwa baba.

Mwili unahitaji chuma, lakini hauna njia yake maalumu ya kuitoa ziada. Mwanamke hupoteza kiasi kwa hedhi. Mwanamume hana mlango huo. Ziada hujilimbikiza katika ini, moyo, kongosho, na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo ndiyo inayoziamuru korodani zitengeneze mbegu za uzazi na homoni ya testosteroni. Ikidhurika, hamu ya tendo la ndoa hupungua, nguvu za kiume hulegea, na mbegu huwa chache au hukosekana. Mke hashiki mimba, na mara nyingi lawama humwangukia yeye asiye na kosa.

Mchicha, maharage na maini havimdhuru hivyo mtu mwenye afya. Walio hatarini zaidi ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wanaoongezewa damu mara kwa mara kwa sababu ya selimundu au thalasemia: kila mfuko wa damu una takribani miligramu 200 hadi 250 za chuma, ilhali mwanamume anahitaji miligramu 8.7 tu kwa siku katika chakula chake. Wa pili ni waliorithi hemokromatosisi, hali ambayo utumbo hufyonza chuma kupita kiasi. Hiyo huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini.

Uchovu ni dalili ya upungufu wa chuma, na ni dalili ya ziada pia. Kwa hiyo, mwanamume asimeze vidonge vya chuma kwa kubahatisha, wala asitumie vya mkewe. Amwombe daktari wake wa familia kipimo cha damu, kikiwemo cha feritini.

Tiba ipo. Mwenye hemokromatosisi hutolewa damu kidogo kidogo kwa ratiba maalumu. Anayeongezewa damu hupewa dawa za kuondoa chuma. Asiache dawa hizo, wala asikatae damu, kwa hofu ya utasa. Amweleze daktari mapema kwamba anataka mtoto, kwa sababu mbili. Anayetumia deferiproni hushauriwa kuzuia mimba wakati wote wa matibabu, na kwa miezi 3 baada ya kuiacha kwa ushauri wa daktari. Aidha, testosteroni inayotolewa kama dawa huweza kurudisha hamu huku ikipunguza mbegu. Baadhi ya wanaume husaidiwa na sindano za homoni nyingine zinazoziamsha korodani.

Mke akishika mimba, hupewa nafasi ya kupimwa selimundu na thalasemia, na ni vyema afanyiwe kabla ya wiki ya 10. Akionekana amebeba chembe za urithi za ugonjwa huo, baba naye huitwa. Aende bila kuchelewa: wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kuzaliwa mgonjwa.

Mkiwa mmejaribu kupata mtoto kwa mwaka mmoja bila mafanikio, nendeni kwa daktari pamoja, mume na mke. Mwanamke aliyepita miaka 35 asingoje mwaka. Ombeni mkalimani wa Kiswahili, hamtalipishwa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Tusiifiche habari hii kwa aibu.